TUJIFUNZE WAKATI WA KIANGAZI: Somo juu ya kujitayarisha mbele ya mafuriko



Somo la mwezi huu si la egzamen. Halimo katika programu ya kalasi yoyote, na hakuna mwalimu atakayekupa pwenti kwa ajili yake. Lakini siku moja linaweza kuokoa mdogo wako, au bibi yako asiyeweza kutembea. Kwa hiyo naomba mlisome mpaka mwisho, kalamu mkononi, na kujibu maulizo yaliyo chini.

Somo lenyewe ni hili: namna gani watu wanaokaa katika visiwa na pembeni ya maji wanaweza kufundishwa kujitayarisha mbele ya hatari, zaidi sana siku hizi ambapo mvua haifuati tena desturi yake ya zamani.

Najua wengine watacheka. Watasema: «Sisi wa Kasongo na Kabambare, na mambo ya visiwa, wapi na wapi? Bahari iko mbali.» Basi tuanze na ulizo hilo.

I. KISIWA NI NINI?

Kitabu cha jiografia kinajibu: kisiwa ni nchi kavu iliyozungukwa na maji pande zote. Jibu hili ni la kweli, lakini halitoshi. Kwetu tuko na visiwa vya aina mbili.

Aina ya kwanza ni visiwa vya siku zote. Katika Lualaba kuna visiwa ambamo wavuvi wanapiga kambi, wanakausha samaki na kulima kidogo. Wagenya wanajua maisha hayo kuliko sisi sote.

Aina ya pili ni visiwa vya wakati wa mvua. Kijiji kinakuwa cha nchi kavu toka mwezi wa sita mpaka wa nane. Kisha mvua inaanza, kijito kinajaa, daraja la miti linakwenda na maji, na lori linakwama katika matope kati ya Kasongo na Kabambare siku nyingi. Mgonjwa hafiki hopitali. Chumvi inapanda bei. Hapo kijiji ni kisiwa, hata kama karte haisemi hivyo. Na watu waliokimbia vita, ambao mara nyingi wanajenga pahali pa chini palipobaki, ndio wa kwanza kuzungukwa.

Sasa tazameni: ni alama gani inayofanya visiwa vyote vifanane, kile cha bahari na hiki cha Luama? Alama ni hii: msaada unakawia. Ndege haiji, gari halipiti, mtumbwi hauthubutu. Saa za kwanza, wakati watu wanapokufa, hakuna mgeni aliyefika bado. Kwa hiyo andikeni neno hili katika kaye zenu, maana ndilo somo lote: MWOKOZI WA KWANZA NI JIRANI ALIYEFUNDISHWA.

II. MAJI YETU YANATOKA WAPI?

Fungueni karte ya Kongo. Wekeni kidole kwenye Kalemie, pembeni ya ziwa Tanganyika. Pale mto Lukuga unatoka ziwani na kwenda mangaribi mpaka kuingia katika Lualaba. Lualaba inapita Kongolo, inabanwa kati ya mawe pale panapoitwa Portes d'Enfer, kisha inashuka upande wetu wa Kasongo, inapita Nyangwe, inaendelea Kibombo na Kindu. Sasa rudisheni kidole mashariki, katika milima ya upande wa Fizi. Kule inatoka Luama, inayopita teritware ya Kabambare, nayo inaingia Lualaba.

Maana yake ni kwamba maji yanayofika kwetu hayakuzaliwa kwetu. Mvua inaweza kukatika hapa na mto bado unapanda, sababu mvua ilinyesha mbali kusini, maji yakakaa kwanza katika maziwa na mabwawa ya Upemba, ndipo yanateremka pole pole. Mtu anayetazama mawingu ya kijiji chake peke yake hajui habari ya mto wake.

Historia inatuonyesha hayo. Mwaka 1874 Cameron, na mwaka 1876 Stanley, walikuta mlango wa Lukuga umezibwa na matope na majani, na maji karibu hayatembei. Ziwa likapanda, likapanda, mpaka kizuizi kikavunjika. Mwaka 1879 Hore, mmisionari wa London Missionary Society, aliona maji yanakimbia kwa nguvu kuelekea Lualaba. Miaka iliyofuata ziwa likashuka karibu mita 10. Maji hayo yote yalipita njia ya mto wetu.

Mwaka 1961 mvua ilikuwa nyingi mno katika Afrika ya mashariki na ya kati. Mwezi wa Desemba mto Kongo ulifika Kinshasa na wingi usiosahauliwa, na ziwa Tanganyika likaendelea kupanda mpaka mwaka 1964. Watu wengi waliwaza kwamba jambo kama hilo halitarudi. Limerudi. Mwaka 2020 na 2021 ziwa liliingia katika nyumba za Uvira, Kalemie na Bujumbura. Mwaka 2024 lilifika karibu mita 777 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na 1964. Na Januari ya mwaka huo huo 2024 mto Kongo pale Kinshasa ulikaribia kipimo cha 1961. Régie des Voies Fluviales, biro ya Leta inayopima mito, ilikuwa imekwisha kuonya.

Kwa nini? Wenye elimu wanatufundisha mambo mawili. La kwanza: hewa yenye joto inabeba maji mengi zaidi. Kila joto likiongezeka digri 1, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi karibu 7 kwa 100. Dunia imepata joto, kwa hiyo mvua ikianguka, inaanguka kwa nguvu. La pili: kuna miaka ambapo Bahari ya Hindi inakuwa na joto upande wa Afrika kuliko upande wa Indonesia, kama mwisho wa 2019 na tena 2023. Miaka hiyo mvua ya upande wetu wa dunia inazidi. Ona basi: sisi tulio mbali na bahari, bahari inatufikia kwa njia ya mawingu.

III. MAJI YA POLE NA MAJI YA HARAKA

Yafaa kutofautisha, maana dawa zao si moja.

Maji ya pole ni ya Lualaba na ya ziwa. Yanapanda vidole viwili leo, vitatu kesho. Yanakupa siku, labda majuma. Yanaua watu wachache palepale, lakini yanakula shamba, mbegu, visima na vyoo. Baadaye kolera inakuja kukusanya waliobaki. Hatari ya maji ya pole ni mazoea: mtu anasema «kesho tutahama», na kesho inakuwa juma lijalo.

Maji ya haraka ni ya vijito vya milimani. Yanakupa dakika. Mvua inanyesha mlimani, pale kijijini ni pakavu, kisha mngurumo unasikika, na maji yanafika pamoja na matope, miti na mawe. Aprili 2020 mto Mulongwe ulipita katikati ya nyumba za Uvira. Tarehe 4 Mei 2023, katika teritware ya Kalehe, mito iliangukia Bushushu na Nyamukubi. Pale Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Walikufa zaidi ya watu 400. Mei 2025, usiku, maji yalipiga kijiji cha Kasaba katika teritware ya Fizi, ambayo ni jirani ya Kabambare, na watu zaidi ya 60 wakafa, wengi wao watoto na wazee.

Wenzangu, hawa si watu wa kitabu. Wanasema Kiswahili kama sisi, wanajenga nyumba kama zetu, na vijito vyao vinatoka katika milima ile ile inayozaa Luama.

IV. WATU WA VISIWA WAMEJIFUNZA NINI?

Unguja na Mafia. Wakubwa wa zamani wa Kasongo walijua Unguja kwa sababu ya biashara ya pembe na, kwa uchungu wetu, ya watumwa. Aprili 1872, tufani kubwa ilipiga Unguja, ikazamisha vyombo na kuangusha mikarafuu karibu yote. Hakuna aliyekuwa ameonywa. Mei 2024 tufani nyingine, jina lake Hidaya, ilikuja upande wa kisiwa cha Mafia. Safari hii wapimaji wa hali ya hewa wa Tanzania walitangaza mbele, na vyombo vya abiria kati ya Dar es Salaam na Unguja vikasimamishwa. Upepo haukupunguzwa na tangazo. Kilichopungua ni hesabu ya watu waliokuwa baharini.

Bangladesh. Nchi hii iko chini sana, imejaa visiwa vya matope kwenye mlango wa mito mikubwa. Novemba 1970 tufani moja iliua watu zaidi ya 300,000 kwa usiku mmoja. Redio ilikuwako, tena onyo lilitolewa. Lakini wengi hawakufikiwa, na waliofikiwa hawakujua wafanye nini nalo. Mwaka 1972 wakaanza kazi nyingine: katika kila kijiji walichagua watu wa kujitolea, wakawafundisha kupandisha bendera, kupiga kelele kwa bomba la sauti, kubeba wazee na kuongoza watu mpaka nyumba ndefu za kujificha. Kazi haikukamilika kwa siku moja. Mwaka 1991 walikufa tena watu karibu 140,000, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume, maana wengi walibaki nyumbani pamoja na watoto wakingoja waambiwe. Basi wakafundisha wanawake pia. Leo wa kujitolea ni zaidi ya 70,000, nusu yao wanawake. Mwaka 2020 tufani kubwa iliyoitwa Amphan ilipokuja, watu zaidi ya milioni 2 walihamishwa, na waliokufa katika nchi ile hawakufika 100.

Simeulue. Hiki ni kisiwa cha Indonesia. Mwaka 1907 bahari iliwaangamiza watu wake wengi. Waliobaki waliweka habari hiyo katika nyimbo za kubembeleza watoto: nchi ikitetemeka kwa nguvu na bahari ikirudi nyuma, kimbia mlimani, usingoje. Tarehe 26 Desemba 2004 nchi ilitetemeka. Kisiwa kilikuwa na watu zaidi ya 70,000, na karibu sana na pahali hatari ilipoanzia. Wote wakakimbilia juu. Walikufa watu 7 peke yake. Hawakuwa na mashini yoyote. Walikuwa na neno moja ambalo kila mtoto alilijua mbele ya kuota meno.

Tumeona visiwa vitatu. Vina utajiri mbalimbali na hatari mbalimbali, lakini jibu ni moja: onyo ambalo watu hawakulizoeza ni kelele tu.

V. MAFUNZO YENYEWE

Sasa tuje kwa kazi. Mambo haya saba yanaweza kufanyika katika kijiji chochote, na karibu yote ni bila pesa.

1. Karte ya kijiji. Kusanya watu chini ya mti, chora kijiji kwenye udongo kwa fimbo. Weka jiwe kila nyumba yenye mzee, kiwete, mama mwenye mimba au mgonjwa. Weka majani pahali pa juu. Waulize wazee: maji ya zamani yalifika wapi? Wakubali kuonyesha kwa mkono wao, maana wao ndio kitabu chetu.

2. Kipimo cha maji. Chagua mti imara au nguzo pembeni ya mto. Tia alama tatu: ya kwanza, tuangalie, ya pili, tufunge mizigo, ya tatu, tuhame. Mtoto wa shule asome kila asubuhi na kila magaribi, aandike katika kaye. Mjomba wangu mvuvi anakata alama kwa kisu kwenye mti mmoja wa kambi yao, na wavuvi wote wanauamini kuliko maneno.

3. Mnyororo wa habari. Kijiji kiwe na namba za simu za watu watatu wa juu ya mto, kwa mfano ndugu aliye Kongolo au Kalemie kwa watu wa Lualaba, na ndugu aliye upande wa milima kwa watu wa Luama. Pahali simu haishiki, ngoma ya mti inayosema bado ina kazi. Vilevile kengele ya kanisa, filimbi na chuma cha shule. Lakini mlio wa hatari uwe mmoja, usiotumiwa kwa jambo lingine hata kidogo. Tena iandikwe: nani anatoa amri? Na kama shefu amesafiri, nani mwingine?

4. Njia na zoezi. Kuonyesha njia kwa kidole si kufundisha. Watu watembee. Mara ya kwanza mchana, mara ya pili usiku bila toshi, kila nyumba ikimbeba mtu wake asiyeweza. Hesabuni dakika. Kwa maji ya haraka, kimbieni kando na juu, si kufuata kijito. Na mtu asijaribu kuvuka maji yanayokimbia kwa kusema ni machache: hata yakifika magotini tu, yanaweza kumwangusha mtu mwenye nguvu.

5. Mtumbwi na kuogelea. Mtumbwi wa kuhamisha watu usijazwe. Afadhali safari tano kuliko maiti kumi. Bidoni tupu iliyofungwa vizuri inaelea, na shina la mgomba pia. Kila mtumbwi uwe na kamba na viwili vya hivyo. Hapa nasema na wababa: wasichana pia wafundishwe kuogelea na kupiga kasia. Bangladesh imekwisha kulipa bei ya kuwaacha.

6. Mzigo mdogo. Uwekwe tayari katika mfuko wa nailoni, juu ya dari: karte ya uchaguzi, biletini za shule, kiberiti, chumvi, sukari, dawa za mgonjwa wa nyumba, na chupa moja ya mbegu za muhindi, karanga na mpunga. Watu wengi wanasahau mbegu. Anayepoteza mavuno analia mwaka mmoja. Anayepoteza mbegu analia miaka miwili.

7. Baada ya maji. Usikimbilie kulala ndani: ukuta wa matofali mabichi ulionywa maji unaweza kuanguka hata jua likiwaka. Angalia nyoka. Chemsha maji yote ya kunywa. Chimba choo kipya mbali na kisima. Mtu akianza kuharisha, mpe maji haya kila mara anapotoka: litre 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, na mpelekeni kwa mwuguzi upesi.

VI. MASEMO TUNAYOSIKIA

«Ni mapenzi ya Mungu.» Nuhu alipata habari kwa Mungu mwenyewe, na bado alipasua mbao, tena wakati jua lilikuwa likiwaka.

«Watu wa visiwa wahame tu.» Ni rahisi kusema kwa mtu anayenunua samaki sokoni. Kisiwa ni shamba lao, kaburi la babu zao na shule ya watoto wao. Atakayesema wahame atwambie kwanza watalima wapi. Mpaka jibu hilo lipatikane, haki yao ni kufundishwa.

«Tukipiga ngoma na maji yasije, watatucheka.» Ndiyo, watacheka. Basi tuzoeze watu kusema: leo tulifanya zoezi. Kucheka kunapita magaribi, maiti harudi.

«Hatuna pesa.» Soma tena sehemu ya tano. Fimbo, udongo, ngoma, miguu, kaye. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu mmoja wa kuanza.

VII. KAZI YA VAKANSI NA MAULIZO

Vakansi kubwa inaanguka katikati ya kiangazi, wakati mto uko chini na watu wako na nafasi. Hii ni faida yetu. Mnamo mwezi wa kumi, mvua ikianza, hakuna atakayekusikiliza. Kila mtu yuko shambani. Kwa hiyo naomba kila mwanafunzi anayerudi kwao afanye jambo la 1 na la 2 peke yake, kwa heshima, akimtangulia shefu na wazee kwa salamu na kuwaomba ruhusa. Hatuendi kuwafundisha kama mabwana. Tunakwenda kuandika wanayojua wao, na kuongeza kidogo tulichosoma. Aliye wa visiwani achague wenzake wawili wa nchi kavu, wamsaidie kuandaa.

Tena, kwa ruhusa ya Bwana Prefe, tunaomba shule nayo ifanye zoezi moja mbele ya mvua kuanza: mlio mmoja, njia moja, hesabu ya wanafunzi kwa kila kalasi, na wadogo wa kalasi za chini wakishikwa mkono na wakubwa.

Maulizo ya kujipima:

1. Kisiwa cha wakati wa mvua ni nini? Taja kimoja unachokijua.
2. Onyesha kwenye karte njia ya maji kutoka Kalemie mpaka Kasongo, na kutoka milima ya Fizi mpaka Lualaba.
3. Tofauti gani iko kati ya maji ya pole na maji ya haraka? Kijiji chenu kinaogopa yapi?
4. Kwa nini onyo la mwaka 1970 halikutosha kule Bangladesh?
5. Maji ya kumpa mtu anayeharisha yanatengenezwaje? Jibu bila kutazama.
6. Nyumbani kwenu, usiku wa leo, nani angembeba yule asiyeweza kutembea? Andika jina lake. Kisha mwulize mtu huyo kama anajua.

Mkubwa wa wanafunzi,
kalasi ya sita